Aliye Angani Afuturu kwa Saa ya Wapi? Somo Kutoka Ndege ya Gulfstream G550



Kila Ramadhani ikikaribia, swali hili hurudi kwenye darasa zetu: aliyemo ndani ya ndege anafuturu kwa saa ya wapi? Ya alikotoka, ya anakokwenda, au ya nchi iliyo chini yake? Jibu fupi wengi tunalijua: anafuata jua la pale alipo. Lakini jibu hilo hutolewa haraka mno, kana kwamba ndege ni basi la Mbale lililoota mbawa. Wanachuoni wetu wa zamani waliandika hukumu za msafiri wakimjua ngamia na kulijua jahazi. Sisi nasi tunapaswa kuijua ndege: inafika wapi bila kutua, kwa kasi gani, na inapaa juu kiasi gani.

Nimechagua Gulfstream G550, kwanza kwa sababu ni mfano mzuri wa ndege ndogo iliyoundwa kwa ajili ya masafa marefu, na pili kwa sababu si ngeni kwetu. Serikali ya Uganda iliinunua kwa safari za rais, ikachukua nafasi ya Gulfstream IV iliyokuwapo. Tanzania ilinunua ya kwake mapema zaidi, wakati wa Rais Mkapa, na wengi bado wanakumbuka kauli ya waziri wa fedha wa wakati ule, Basil Mramba, kwamba hata ikibidi wananchi wale nyasi, ndege ya rais itanunuliwa. Suala la amana ya mali ya umma linastahili makala yake. Hapa tubaki na jua na swala.

Ukoo wa ndege hizi ulianza Marekani mwaka 1958, kampuni ya Grumman iliporusha Gulfstream ya kwanza, ndege ya mapangaboi iliyotengenezwa mahususi kwa kubeba wakubwa wa makampuni. Mwaka 1966 ikaja Gulfstream II yenye injini za jeti, na kazi ikahamia mji wa Savannah, jimbo la Georgia. Kampuni ilibadili wamiliki mara kadhaa, lakini kila toleo jipya lilifuata hamu ileile: kwenda mbali zaidi bila kutua. Gulfstream V iliruka kwa mara ya kwanza Novemba 1995, na wapinzani wao Bombardier wa Kanada wakarusha Global Express mwaka uliofuata. Cha kuchekesha ni kwamba mahasimu hao wawili walitumia injini za familia moja, BR710, zilizotokana na ushirikiano wa BMW na Rolls-Royce.

G550 ni Gulfstream V iliyoboreshwa. Ilipata cheti cha mamlaka ya anga ya Marekani Agosti 2003. Tangi la mafuta halikuongezwa; wahandisi walipunguza ukinzani wa hewa kwenye mwili na mbawa, wakausogeza mlango mbele ili kupata nafasi ndani na dirisha la saba kila upande, na ndege ikapata kiasi cha kilomita 460 zaidi kwa mafuta yaleyale. Uwezo wake ukawa kilomita 12,500 kwa mruko mmoja, ikienda asilimia 80 ya kasi ya sauti, yaani takriban kilomita 850 kwa saa. Urefu wake ni mita 29 na ushei, na hubeba abiria wasiozidi 19. Ikijazwa kikomo inaondoka na uzito wa tani 41 na kidogo, na kati ya hizo zaidi ya tani 18 ni mafuta. Fikiria lori ambalo karibu nusu ya mzigo na chuma chake ni dizeli ya kulisafirisha lenyewe. Ndiyo maana haiwezi kupanda hadi kikomo chake mara moja: huanza chini kidogo, na kadiri mafuta yanavyopungua inajisogeza juu, mpaka inaweza kufika futi 51,000, yaani kilomita 15 na nusu.

Sasa turudi kwenye saumu. Dunia inazunguka kuelekea mashariki, na kwenye ikweta uso wake unakwenda kama kilomita 1,670 kwa saa. Anayeruka kwenda magharibi kwa kilomita 850 kwa saa anakimbia machweo kwa nusu ya kasi yake. Mchana uliobakia unakuwa karibu maradufu. Ukienda kaskazini, mduara wa dunia unapungua: kwenye latitudo 60, mfano juu ya ncha ya kusini ya Greenland, kasi hiyo ni kilomita 835 tu kwa saa. Ndege hii ikielekea magharibi hapo, jua linasimama dirishani. Halitui mpaka rubani ageuze njia.

Tuchukue safari halisi. Kutoka Entebbe hadi New York kwa njia fupi ni kama kilomita 11,400, umbali ulio ndani ya uwezo wa G550. Tuseme ni mwanzoni mwa Machi, kabla Wamarekani hawajasogeza saa zao, na ndege inaondoka saa 6 mchana. Upepo usipoisumbua, itatua baada ya saa 13 na dakika 25 hivi. Kwetu itakuwa saa 7 na nusu usiku. Tumeshafuturu, tumeswali tarawehe, na wengine wamelala. New York itakuwa saa 11 na nusu jioni na jua bado lipo. Abiria aliyenuia saumu kabla ya alfajiri ya Uganda atakuwa amefunga karibu saa 20 hadi kufuturu.

Hapo ndipo jibu letu fupi linapouma. Huyu hawezi kufuturu kwa saa ya Kampala, kwa sababu jua analiona kwa macho yake na Qur'ani imeiweka saumu hadi usiku. Tena katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata, aliyepambazukiwa mjini akiwa amefunga kisha akasafiri mchana haruhusiwi kula siku hiyo kwa sababu ya safari peke yake. Wanachuoni wa Hanbali wanamruhusu. Kwa Shafi, ruhusa ni ya aliyeuacha mji wake kabla ya alfajiri. Kwa hiyo saa ya kuondoka si jambo dogo, na anayejua ratiba yake amuulize sheikh mapema, si akiwa juu ya Atlantiki. Akizidiwa njiani mpaka akahofia madhara, anafungua kwa dharura hiyo na atalipa. Aya za 184 na 185 za Suratul Baqara hazikumwacha msafiri wala mgonjwa bila mlango.

Kuna pia suala la kimo. Aliye juu analiona jua kwa muda mrefu zaidi kuliko aliye chini yake. Kwa kimo cha kilomita 15 na nusu, upeo wa macho unashuka kwa takriban nyuzi 4, na karibu na ikweta hiyo ni kama robo saa. Jambo hili si nadharia tupu. Dubai, mwaka 2011, wakazi wa jengo la Burj Khalifa walioko juu ya ghorofa ya 80 waliambiwa wangoje dakika 2 zaidi kufuturu, na walio juu ya ghorofa ya 150 dakika 3. Ikiwa jengo lisilofika hata kilomita moja lina hukumu yake, basi tangazo la rubani kwamba huko chini magharibi imeingia halimtoshi aliye dirishani na jua machoni.

Na mahali ambapo jua limesimama kwa saa nyingi, je? Wanachuoni hurejea hadithi iliyopokewa na Muslim kutoka kwa An-Nawwas bin Sam'an, kuhusu siku za Dajjal, pale masahaba walipouliza juu ya siku iliyo kama mwaka, na Mtume (s.a.w.) akawaelekeza wakadirie nyakati za swala. Mimi naona tusiikimbilie hadithi hiyo kwa kila safari ndefu. Ndege yetu ya New York inachelewesha machweo, haiyaondoi. Kukadiria ni kwa pale ambapo alama zenyewe zimepotea.

Upande wa swala, msafiri ana wepesi wa kupunguza na kukusanya, na kwenye mchana mrefu kama huu adhuhuri na alasiri zina nafasi tele. Anayekwenda mashariki ndiye wa kujihadhari, maana mchana wake unakatika, na akisinzia kidogo alasiri imempita.

Wengi wetu tumefundishwa kwamba asiyeweza kusimama na kuelekea kibla ndani ya ndege aswali alivyo kwa kuheshimu wakati, kisha arudie akitua. Ni sawa kwa aliyebanwa kwenye kiti cha dirishani. Lakini ndani ya G550 dari iko mita 1.88 kutoka sakafuni, na upana ni zaidi ya mita 2. Mtu wa kimo cha kawaida anasimama wima, anarukuu na kusujudu, mradi hewa haitikisiki. Udhuru wa kuswali kitini haupo.

Inabaki kibla, na hukumu ya anayeswali ndani ya jahazi inatosha: chombo kikigeuka, naye ageuke. Ndege inapotoka Entebbe kuelekea kaskazini-magharibi, Makka iko upande wa kulia, mbele kidogo ya bawa. Kadiri inavyovuka bahari kibla kinarudi nyuma taratibu, na karibu na New York mwenye kuswali ataelekea mkiani, upande wa kulia.