SOMO: Kubadilisha Cheni ya Taimingi Katika Injini Iliyotembea Sana

Gari la chama cha msingi ni mali ya wanachama wote. Likisimama wakati wa mavuno, mazao hulala ghalani, mbolea huchelewa kufika mashambani, na fedha ambazo zingewafaidi wanachama huishia kukodi magari ya watu binafsi. Kwa hiyo matengenezo ya gari si shauri la dereva peke yake. Somo hili linahusu kifaa kisichoonekana kwa nje, lakini ambacho kikipuuzwa huweza kuiharibu injini nzima.

Kazi ya cheni

Ndani ya injini, pistoni huizungusha krenki, nayo kamshafti hufungua na kufunga valvu. Mihimili hiyo miwili huunganishwa kwa cheni, ili kila krenki inapozunguka mara 2, kamshafti izunguke mara 1. Miongozo huizuia cheni isiyumbe, na kikazio kinachosukumwa na nguvu ya oili huikaza.

Gari likisha kutembea sana, pini za cheni hulika. Kila kiungo hupata ulegevu mdogo tu, lakini ulegevu wa viungo vyote ukijumlishwa, cheni huwa ndefu kuliko ilivyokuwa na valvu huchelewa kufunguka. Oili chafu huharakisha ulikaji huo. Cheni ikiruka meno au kukatika, katika injini nyingi pistoni hugonga valvu na kuzipinda.

Dalili za hatari

Mfano mzuri ni injini ya Toyota aina ya 22R, yenye silinda 4 na ujazo wa sentimita za ujazo 2,366, iliyofungwa katika magari mengi ya Hilux tangu mwaka 1981. Injini za mwanzo zilikuwa na cheni ya safu 2. Zilizofuata zilipewa cheni ya safu 1 na miongozo ya plastiki. Plastiki hiyo hukauka kwa joto la miaka mingi, kisha huvunjika. Hapo cheni huanza kukwaruza kifuniko chake, na mwisho hutoboa njia ya maji iliyomo. Maji yakiingia katika oili, beringi za krenki huharibika upesi.

Dalili ya kwanza ni mlio wa kugongagonga mbele ya injini inapowashwa asubuhi, kabla oili haijapata nguvu. Mlio ukiendelea hata injini ikiwa moto, au oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, gari lisimamishwe siku hiyo hiyo.

Hatua za kazi

Kazi hii yaweza kufanyika katika uwanja wa chama, mradi awepo fundi mzoefu mwenye spana kamili, spana ya kupimia nguvu ya kukaza, na kitabu cha injini inayohusika. Kwa injini ya 22R, mpango ni huu:

1. Betri itenganishwe, maji na oili vimwagwe. Rejeta, feni, mikanda, distributa na kifuniko cha valvu vitolewe. Kila bolti ichomekwe katika kipande cha boksi mahali pake, kwa kuwa urefu wa bolti hutofautiana.

2. Krenki izungushwe mpaka pistoni ya silinda ya kwanza ifike juu kabisa, valvu zake zote zikiwa zimefungwa. Pini ya mbele ya kamshafti iwe juu. Ndipo puli ya krenki na gia ya kamshafti zifunguliwe.

3. Sampu ishushwe. Vipande vya plastiki iliyovunjika hutumbukia humo, na vikiachwa huziba kichujio cha kufyonzea oili.

4. Kifuniko cha cheni kifunguliwe. Bolti moja imejificha mbele ya silinda hedi, chini ya kidimbwi cha oili. Fundi asiyeifahamu hutumia nguvu akavunja kifuniko au kuchana gasketi ya hedi.

5. Kifuniko kikaguliwe kwa ndani. Kikiwa na mfereji mzito uliochimbwa na cheni, kibadilishwe.

6. Cheni, gia zote mbili, miongozo na kikazio vibadilishwe kwa pamoja. Cheni mpya juu ya meno yaliyolika huharibika mapema. Miongozo yenye mgongo wa chuma ni bora kuliko ya plastiki tupu.

7. Viungo vyenye rangi vilinganishwe na alama za gia. Baada ya kufunga, krenki izungushwe kwa mkono mizunguko 2 kamili. Viungo vyenye rangi havitarudi kwenye alama, na hilo si kosa. Kinachotazamwa ni alama ya puli na pini ya kamshafti. Krenki ikikwama, isilazimishwe, bali kazi ikaguliwe upya.

8. Gasketi na sili ya krenki ziwe mpya. Bolti zikazwe kwa vipimo vya kitabu. Oili mpya na kichujio kipya viwekwe, kisha injini iwashwe na kusikilizwa. Ikisha kupata moto, nafasi za valvu zipimwe: milimita 0.20 kwa valvu za kuingiza na 0.30 kwa valvu za kutoa.

Wajibu wa kamati

Makosa mengi ya kazi hii huanzia mezani kabla ya kufika kwa fundi. Dereva hutoa taarifa ya mlio, kamati huahirisha mpaka msimu upite, na matengenezo ya vifaa vichache hugeuka kuwa ununuzi wa injini. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kamati ipange kazi hii kabla ya mavuno, itenge fedha za seti kamili badala ya cheni peke yake, na katibu aandike katika daftari la gari tarehe na kilometa zilizosomeka siku ya kazi.

Maswali ya kujadiliwa

1. Gari la chama limetembea kilometa ngapi, na oili ilibadilishwa lini?
2. Dereva akisikia mlio mpya, humwarifu nani, na taarifa huandikwa wapi?
3. Je, bajeti ya chama ina fungu la matengenezo, au husubiri gari lisimame?