Mashine ya Presha kwa Mfuko Mwembamba: Vidokezo 9 kwa Vijana wa Nyambureti

Kiangazi Nyambureti ni vumbi, masika ni tope. Kwa mwenye bodaboda hiyo ni kero, kwa mwenye mashine ya kuoshea ni riziki. Si ajabu kijana akiuza ndama wawili akaanza kuulizia bei Mugumu au Tarime. Taabu ni pale anaporudi na mashine yenye namba kubwa ubavuni, halafu hana pa kuchota maji.

1. Hesabu kinachochafuka.
Kaa njiani siku nzima na daftari. Andika pikipiki ngapi zimepita, Probox na Noah ngapi, Fuso ngapi, trekta ngapi. Kama daftari limejaa pikipiki, mashine ya malori ya nini? Pikipiki haitaki mabavu. Presha ikizidi, maji yanaingia kwenye beringi za magurudumu na kuitoa grisi, na mwezi ujao gurudumu likianza kulia utalaumiwa wewe. Presha ya bar 80 hadi 120 inaitosha. Lori lililokaukiwa na tope jeusi la mbuga chini ya chesisi ni habari nyingine, lakini hilo linakuja mara ngapi kwa wiki?

2. Soma lita kabla ya bar.
Bar inabandua uchafu, lita zinauondoa. Mashine ndogo za nyumbani nyingi hutoa lita 5 hadi 7 kwa dakika: tope linalegea, kisha linakaa palepale likikutazama. Kwa biashara tafuta lita 8 kwenda juu.

Tena ukiwa dukani usione haya kutoa simu na kupiga hesabu. Zidisha bar kwa lita za dakika moja, kisha gawa kwa 600. Jibu ni kilowati za chini kabisa ambazo mashine inazihitaji. Mfano: bar 200 mara lita 10 ni 2,000, gawa kwa 600 unapata kama 3.3. Sasa soma kibandiko cha mota. Kikisema wati 1,400, yaani kilowati 1.4, mura, hapo unauziwa stika.

3. Umeme au petroli?
Ya umeme ni nafuu kununua na haina kelele. Mota ya wati 1,800 ikifanya kazi saa nzima bila kupumzika inakula uniti 1.8 za LUKU. Piga hesabu yako hapo. Ila ulizia kwanza hali ya umeme pale unapotaka kuweka kijiwe. Ukiwa mbali na transfoma, jioni taa zikififia, mota nayo inanguruma bila nguvu, inapata moto, mwisho inaungua. Mtu wa kumuuliza ni jirani mwenye mashine ya kuchomelea au ya kusaga, siyo muuzaji. Na kwa kuwa umesimama kwenye maji, lipa fundi aweke swichi inayojikata umeme unapovuja. Hapo usibane matumizi.

Ya petroli inakula mafuta na inapiga kelele, lakini unaipakia kwenye pikipiki na kuifuata kazi mnadani. Mimi ningechagua hii, kwa sababu ya fundi. Injini ndogo ya nguvu ya farasi 6.5 ndiyo ileile iliyo kwenye pampu nyingi za kumwagilia bustani, kwa hiyo kumpata anayeijua hakuumizi kichwa. Ikiwa mpya, kumbuka nyingi husafirishwa bila oili ndani. Kuna aliyeivuta kamba palepale kwa furaha, na biashara ikaisha kabla haijaanza. Petroli ya kwenye chupa ichuje kwa kitambaa kabla ya kuimimina.

4. Pampu ya mkanda ina faida yake.
Utaona mashine za aina mbili. Moja pampu imeunganishwa moja kwa moja na injini, nyingine injini inazungusha pampu ya pistoni tatu kwa mkanda, vyote vimekaa juu ya fremu ya chuma. Hii ya pili si nzuri kwa macho, lakini ikifa pampu unabadili pampu, ikifa injini unabadili injini. Ina mpira wa kurudisha maji kwenye tangi, kwa hiyo ukiachia bunduki ya maji ukapokea simu, maji yanazunguka bila kupata moto. Ile ya kwanza ukiiacha inanguruma dakika nyingi bila kumwaga, maji yanachemkia ndani na sili zinakwisha. Zote mbili hazitaki kuwashwa kavu.

Pampu pia ina oili yake, mbali na ya injini, na nyingi zina kidirisha kidogo cha kuitazama. Jizoeze kukiangalia kila asubuhi. Oili safi inaonekana kama asali. Siku ukikuta imekuwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yamepita kwenye sili: zima, mwaga oili, badilisha sili. Ukiendelea kuosha kwa kuwa wateja ni wengi, utanunua pampu nzima badala ya mipira midogo mitatu. Kwa hiyo kabla ya kulipa uliza sili na valvu zake zinapatikana wapi. Jibu likiwa “tunaagiza”, nenda duka la pili.

5. Simtanki ndiyo mashine yenyewe.
Pikipiki moja, bunduki ikiwa wazi kwa dakika 5 kwenye lita 8, inakunywa lita 40, yaani ndoo mbili za lita 20. Tangi la lita 1,000 linaosha pikipiki 25. Gari dogo la dakika 15 ni lita 120, kwa hiyo tangi hilohilo halifiki magari tisa. Ukiwa na pipa moja tu la lita 200, pikipiki tano unaanza kumtafuta mwenye punda. Pesa ikibana, nunua mashine ya kawaida na tangi kubwa. Liinue juu ya mawe kama mita moja hivi, maji yashuke yenyewe kwenye pampu.

Usiseme utaoshea mtoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka shughuli zinazoweza kuharibu chanzo cha maji zikae mita 60 kutoka ukingoni, na maji ya mito yetu yanayoingia Mto Mara yananywewa na watu na ng'ombe hadi Ziwa Victoria. Chimba shimo la mawe na kokoto, sabuni na oili viishie hapo.

6. Chujio.
Ni kitu cha bei ndogo kinachokaa kwenye mdomo wa mpira unaonyonya. Mchanga ukipita, valvu zimekwisha. Usiwashe bila hilo.

7. Mtumba usome mgongoni.
Mashine zilizotumika Japani hupendeza, lakini nyingi ni za volti 100. Kwetu umeme ni volti 230. Ukichomeka moja kwa moja, utasikia harufu kabla ya kuona maji.

8. Nozeli zina rangi, na rangi zina maana.
Nyekundu inatoa mshale mmoja, inachuna rangi ya tangi la pikipiki na kutoboa siti. Iweke mfukoni. Kijani au nyeupe, zenye kutandaza maji kama feni, ndizo za kila siku. Nyeusi ni ya sabuni. Yoyote kati ya hizo usimwelekezee mtu, hata kwa utani: maji ya presha hupenya ngozi, kidonda kinaonekana kidogo juu kumbe ndani kimeharibika. Gambuti nazo zimo kwenye bajeti.

9. Povu kwa bomba, maji kwa bati.
Mtungi wa povu na kompresa vitasubiri. Bomba la mgongoni la lita 16, lile la kupulizia shambani, linapaka sabuni vizuri kabisa. Liwe jipya, lililowahi kubeba dawa liache shambani.

Fedha inayobaki nunulia mfereji wa bati. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo paa la mita 40 za mraba likipata mvua ya milimita 20 linakupa karibu lita 800, pikipiki 20 za bure. Vuli huanza Oktoba. Mfereji uwe umefungwa kabla ya hapo.