Kanseri na homoni ya usiku

Katikati ya ubongo kuko tezi ndogo kama punje ya mchele, jina lake pineali. Giza ikiingia inatoa melatonini, homoni yenye kuambia mwili kwamba ni usiku. Aaron Lerner wa Marekani aliipata mwaka 1958 katika tezi za ng'ombe.

Mwaka 1982 wachunguzi walipima damu ya wanawake wenye kanseri ya maziwa. Wale ambao kanseri yao inasikia homoni estrojeni, melatonini yao ya usiku ilikuwa chini. Je, kanseri ndiyo iliipunguza, ao upungufu ulitangulia? Kipimo kimoja hakijibu hilo, wanafunzi!

Lakini mwangaza wa usiku unaipunguza hata kwa mtu mwenye afya. Mwaka 2007 ofisi ya OMS ya kanseri, kule Lyon, iliandika kazi ya usiku yenye kuvuruga saa ya mwili kati ya mambo yenye kuelekea kuleta kanseri. Wauguzi wa zamu ya usiku nao wamo.