Filamu Ikikatwa, Uliza Nani Alishika Mkasi

Umelipia tiketi, umeketi, halafu filamu inaruka. Wanawake wawili walikuwa karibu kubusiana, mara tuko sokoni. Kabla hujalalamika, tafuta aliyekata ni nani, maana haki ya kudai inategemea hilo.

Pengine ni msambazaji. Mwaka 2019 Rocketman, filamu ya maisha ya Elton John, ilionyeshwa Urusi ikiwa pungufu ya takriban dakika 5. Msambazaji wa huko alisema anafuata sheria za nchi. Elton John akasema hakuwa na habari. Kwa Kenya, kifungu cha 32 cha Sheria ya Hakimiliki kinamruhusu mtunzi kupinga kazi yake ikipotoshwa kwa namna inayomshushia heshima, hata kama haki za mapato ameshaziuza. Hiyo ni silaha yake, si yako. Yako ni Ibara ya 46 ya Katiba: mnunuzi apewe habari za kumwezesha kufaidi anachonunua. Basi dai tangazo pale kwenye tiketi kwamba nakala imepunguzwa. Kutaka urudishiwe pesa yote kwa busu moja, kwa maoni yangu, ni hoja nyembamba.

Mkasi ukiwa wa serikali, mambo hubadilika. Mwongozaji Mkenya Wanuri Kahiu alieleza kwamba Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya ilimtaka abadili mwisho wa Rafiki, filamu yake ya wasichana wawili wanaopendana, kwa kuwa ulikuwa na matumaini mno kwao. Akakataa, na Aprili 2018 filamu ikapigwa marufuku. Septemba, Jaji Wilfrida Okwany alisimamisha marufuku hiyo kwa siku 7, kwa watu wazima tu. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ikakubaliana na Bodi. Kwa hiyo usidhani Ibara ya 33, ya uhuru wa kujieleza, inashinda kila mara.

Kinachosahaulika ni Ibara ya 47: uamuzi wa ofisi ya umma ukikuumiza, unastahili sababu kwa maandishi. Mtengenezaji filamu aliyeambiwa kwa simu tu "toa hilo tukio" asikate chochote kabla ya kupata barua. Mtazamaji naye anaweza kuomba rekodi za Bodi kwa Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Jibu linatakiwa ndani ya siku 21.

Ila usijaribu kuonyesha hadharani nakala kamili ambayo Bodi haijaiidhinisha. Hilo ni kosa chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, hata kama hutozi kiingilio.