Jua la Mchana, Baridi ya Usiku: Vidokezo vya Kupasha Banda Kipushi

Juni na Julai, hapa Kipushi, Katanga, mchana unavua koti, na kabla ya alfajiri unatafuta blanketi la pili. Mji uko juu, mita 1,300 hivi kutoka usawa wa bahari, na kiangazi hakuna mawingu ya kulizuia joto lisipae. Wanaoumia ni vifaranga. Shirika la SNEL likikata umeme, taa ya kuwapasha inazimika, na mbabula ya makala inakula faida yote. Jua lipo, tena halileti bili.

1. Mpashe anayehitaji. Ng'ombe, mbuzi na kuku wakubwa wanataka pakavu pasipo upepo, basi. Kifaranga wa siku moja ndiye anayetaka nyuzi 32 hadi 35, kisha unapunguza nyuzi 3 hivi kila wiki. Pasha kona yake, si banda zima. Izungushie maboksi, juu tandaza magunia yawe dari ya chini.

2. Tengeneza sanduku. Chukua bati kuukuu, lipake rangi nyeusi isiyong'aa, liweke ndani ya sanduku la mbao lililofunikwa kioo cha dirisha la zamani. Plastiki angavu inafaa pia, ila jua huichakaza upesi. Sanduku likae ukutani, nje, na matundu mawili, la chini na la juu, yote yaingie bandani. Hewa baridi ya sakafuni inaingia chini, inapata moto kwenye bati, inapanda yenyewe na kurudi ndani. Feni ya nini? Edward Morse wa Massachusetts alipewa hataza ya kifaa cha namna hii mwaka 1881, kwa hiyo fundi asikutoze bei ya uvumbuzi mpya.

3. Kioo kitazame kaskazini. Tuko kusini mwa Ikweta, na Juni jua hupita upande wa kaskazini. Mwembe ukiweka kivuli hapo, hamisha sanduku. Mwembe uache.

4. Jenga kwa ajili ya usiku. Hapa ndipo wengi wanapokwama: banda lina moto saa sita mchana, wakati vifaranga wala hawauhitaji sana, na usiku wa manane limepoa kabisa. Hewa haitunzi joto. Maji na udongo vinatunza. Bidoni ya lita 20 ikipoa kutoka nyuzi 40 hadi 20 inatoa karibu nusu kilowati-saa. Zipake nyeusi bidoni nne au tano, zianike chini ya plastiki angavu, na jioni zipange kuizunguka kona ya vifaranga. Unajenga upya? Ukuta wa kaskazini uwe wa matofali ya udongo wa kichuguu (Katanga vichuguu havitatuishia leo), upake nyeusi, uweke kioo mbele yake. Joto la mchana linapenya polepole na kutokea ndani saa kadhaa baadaye.

5. Ziba matundu ya sanduku jua likizama. Usiache hata moja. Usiku sanduku hugeuka: hewa ndani yake inapoa, inashuka, na kuvuta joto la banda. Kipande cha ubao chenye bawaba kinatosha.

6. Usiwafungie na harufu. Acha upenyo mdogo juu, karibu na paa. Ukiingia macho yakakuwasha, hiyo ni amonia, na mapafu ya kifaranga ni madogo kuliko yako. Badilisha maranda.

7. Mbabula isitupwe. Kuna usiku utaihitaji. Iwashie nje mpaka makala yawe mekundu, na hata hapo banda lisizibwe: gesi ya makala haina harufu, na inaua vifaranga pamoja na anayewalinda.

8. Futa kioo kila asubuhi. Vumbi jekundu la kiangazi halina adabu, na kando ya barabara ya malori ni mara mbili. Kitambaa chenye unyevu, dakika moja.