Dondoo muhimu: Sasisha Windows bila majuto

Masasisho huziba mianya ya wadukuzi, lakini wakati mwingine huvuruga printa, sauti au hata kuizuia kompyuta kuwaka. Jikinge hivi:

1. Nakili kwanza mafaili yako kwenye diski ya nje.
2. Tunza ufunguo wa kurejesha wa BitLocker (kinga ya Windows inayosimba diski) wenye tarakimu 48. Huenda ukaulizwa kompyuta ikiwaka.
3. Punguza mafaili, kwani diski ikijaa, sasisho hukwama.
4. Chomeka chaja, na usizime kompyuta kwa pupa asilimia za sasisho zikisimama.
5. Usisasishe usiku wa kuamkia mtihani au kazi ya haraka.
6. Printa ikigoma, sakinisha upya draiva yake.
7. Toleo jipya likikusumbua, rudi kwenye la zamani ndani ya siku 10.
8. Ahirisha masasisho ukibanwa, lakini usiyafunge kabisa.