Sumbua Ukiwa Bado Mbele ya Daktari

Wadogo zangu, leo tuongee pesa. Siyo ya kikoba wala ya kahawa. Naongelea pesa ya dawa, hasa zile za presha na sukari ambazo mtu akishazianza hana siku ya kuzimaliza. Malaria unatibiwa, unapona, unasahau. Hizi zinarudi kila mwezi kama kodi ya chumba.

Maswali mnayoniletea yanafanana. Duka gani Ngara mjini lina bei nafuu? Nishuke Nyakanazi? Mbona Biharamulo dawa ile ile ina bei nyingine? Jibu langu ni kwamba ukishafika kaunta na cheti mkononi, nafasi kubwa ya kuokoa imeshakupita. Bei hupunguzwa ukiwa bado umekaa mbele ya daktari.

Najua tunavyokaa pale. Foleni imejaa nje, daktari anaandika haraka, nawe unaitikia "ndiyo, daktari" hata kwa usichokielewa. Wanawake ndiyo zaidi: mume akiuliza anaonekana ana akili, sisi tukiuliza tunaonekana wasumbufu. Basi sumbua. Sema, "Daktari, naomba uniandikie jina la dawa yenyewe, siyo jina la kampuni. Na kama ipo hapa hospitalini, niandikie hiyo." Ongeza na la tatu: "Hii nitaitumia muda gani?"

Kila dawa ina majina mawili. Lipo la dawa yenyewe na lipo aliloipa mwenye kiwanda ili aiuze. Amlodipine ni dawa ya presha. Kampuni ya Pfizer iliitoa kwa jina la Norvasc. Metformin ni ya sukari, na Glucophage ni jina lake la biashara. Panadol ni paracetamol, hilo mnalijua. Kampuni iliyogundua dawa hupewa miaka ya kuiuza peke yake, na ikiisha, viwanda vingine vya India, Kenya au Dar es Salaam vinaruhusiwa kuitengeneza. Havina gharama za ugunduzi za kurudisha, ndiyo maana bei inashuka. Cheti kikiandikwa jina la kampuni, muuzaji ana sababu ya kukupa ile ya bei kali. Kikiandikwa amlodipine, una uhuru wa kuuliza, "Mnazo za kampuni ngapi? Ipi ya bei ya chini?"

Hapa ndipo nasikia, "Dada, ya bei rahisi si ndiyo feki?" Wa mkoa mwingine ningemwelewa. Sisi wa Kagera hapana. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania, mwaka 1983, walikuwa wa mkoa huu. Mseto wa dawa za kufubaza virusi ulipopatikana Ulaya na Marekani katikati ya miaka ya 1990, dozi ya mwaka mmoja ilikuwa dola 10,000 na zaidi, yaani haikuwa dawa ya mtu wa Rulenge. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ikatangaza kuwauzia madaktari wa shirika la MSF mchanganyiko wa dawa tatu kwa dola 350 kwa mwaka. Bei za kampuni kubwa zikaanza kuporomoka, na mwaka 2004 serikali yetu ikaanza kuzigawa bure. Wamo miongoni mwetu waliokuzwa na wazazi waliobaki hai kwa vidonge hivyo visivyo na jina kubwa. Kinachotenganisha dawa nzima na feki ni kusajiliwa na mamlaka ya dawa, TMDA, na kuuzwa na duka lenye kibali, kwa hiyo bei peke yake haikuambii kitu. Tahadhari moja tu: mwenye kifafa asibadilishe kampuni kila mwezi bila kumwambia daktari wake, kwa sababu hata tofauti ndogo inaweza kumrudishia degedege.

Halafu kuna dawa ambazo hupaswi kuzilipia kabisa. ARV, dawa za kifua kikuu na za ukoma ni bure. Kwa sera yetu ya afya, mjamzito, mtoto wa chini ya miaka 5 na mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo wana msamaha kwenye vituo vya serikali. Neno "asiye na uwezo" ndilo linalowakwamisha bibi zetu: wanafika dirishani bila utambulisho, wanaambiwa walipe. Anzeni kwa mwenyekiti wa kijiji na mtendaji, kisha mkamwone afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Fanyeni hivyo bibi akiwa mzima, siyo usiku anapumua kwa shida.

Ukiambiwa "dawa imeisha", usigeuke kimya kimya. Kituo kikikosa dawa Bohari ya Dawa, MSD, kinaweza kununua kwa mshitiri aliyeteuliwa wa mkoa, utaratibu unaoitwa Jazia. Uliza kama wameagiza na mzigo unatarajiwa lini. Kila zahanati ina kamati ya usimamizi yenye wanakijiji ndani yake. Kaitafute, pengine mjumbe ni shangazi yako. Mwenye kadi ya bima ya NHIF aombe fomu ya 2C, achukue dawa iliyokosekana kwenye duka lililosajiliwa na mfuko badala ya kutoa fedha yake.

Kuhusu bima, mfuko wa afya ya jamii, yaani CHF iliyoboreshwa, wengi tuliijua kwa Sh 30,000 kwa kaya ya watu 6 kwa mwaka. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inabadilisha utaratibu, kwa hiyo ulizeni kwenye kituo chenu viwango vya sasa na kama hospitali ya kanisa mnayoitumia inapokea kadi hiyo. Ushauri wangu ni wa msimu tu: mlipe kahawa ikishauzwa. Januari ada za shule zinakula kila kitu, na mume hakumbuki bima.

Tukumbuke na nauli. Mtu wa Murusagamba anayepanda bodaboda kila mwezi kufuata vidonge vya presha huenda anamlipa bodaboda zaidi kuliko muuza dawa. Presha ikiwa imetulia, muombe daktari akuandikie ya miezi miwili au mitatu kwa pamoja, au akuruhusu uendelee kuchukulia zahanati ya karibu.

Sasa, akiba ambazo siyo akiba. Kununua nusu dozi ya antibiotiki. Kumeza dawa ya presha ya jirani kwa sababu "yetu ni moja". Kununua vidonge kwenye gulio, vimelala juani juu ya turubai, au vilivyovushwa kwa njia za panya upande wa mipaka ya Kabanga na Rusumo, boksi lina Kifaransa kitupu na hujui hata kilichomo. Na ukiona kidonge kina alama ya GOT kinauzwa dukani, hicho ni cha MSD, mali ya serikali. Kimetoroshwa kwenye zahanati fulani, pengine ile ile uliyoambiwa haina dawa. Kirudishe kwenye kaunta, kisha toa taarifa.

La homa nalitenga. Kuruka kipimo na kununua mseto wa malaria moja kwa moja kunaonekana nafuu, lakini ugonjwa wa Marburg ulipotangazwa Biharamulo Januari 2025, ulianza kwa homa kama homa nyingine yoyote. Nenda ukapimwe.

Kliniki ijayo fanyeni hivi. Kusanya maganda na pakiti za kila dawa unayomeza, pamoja na zile ulizoandikiwa hospitali nyingine mwaka juzi na bado unanunua, na za mitishamba pia, uziweke mezani kwa daktari. Mara nyingi zitakuwemo mbili za kazi moja, au moja iliyopaswa kuishia wiki ya pili. Muulize ipi unaweza kuiacha, na usiache yoyote kabla hajajibu.